Dada Yangu na Kiti cha Dirishani

Kitura, Jumapili, 6 Juni 1999

Kosa wanalofanya watu wengi wakiwa na mzee mrefu wa kusafirisha kwa ndege ni kumheshimu. Wanamtafutia kiti cha dirishani. Wanamvalisha viatu vipya vya ngozi. Wanamwekea kikapu cha zawadi katikati ya nyayo ili asiibiwe. Kisha wanampungia mkono kwa furaha, na mzee anakwenda kukunjwa kama mwavuli, mchana kutwa na usiku kucha, akiwa katika mavazi yake mazuri kuliko yote.

Naandika nikiwa na hasira. Leo baada ya misa mpwa wangu Steven, anayenunua kahawa kwa niaba ya kampuni moja ya watu binafsi huko Mbinga mjini, alifika na gari lake akiwa amemleta mama yake kutoka Mbaha, kule ziwani. Mama yake ni dada yangu Kunigunda, mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Atakaa kwetu msimu wote wa kuchuma kahawa, na katikati ya Septemba atapanda ndege kwenda Kanada kwa binti yake Hedwiga. Hedwiga ni mjamzito kwa mara ya kwanza, na umri wake ni miaka arobaini na moja. Kwenye simu hakuomba chochote kingine. Alisema, "Namtaka mama," akalia, na simu ikakatika.

"Shikamoo mjomba," Steven alisema hata kabla hajazima gari. "Tiketi tayari. Na nimempatia mama dirisha! Nilimwambia yule wa tiketi wa Dar, huyu ni mama yangu mzazi, hawezi kukaa popote tu."

Akangoja nimsifu.

"Umemfungia mama yako kwenye kona," nikamwambia.

"Mjomba! Kwenye basi la Songea wewe mwenyewe unagombea dirisha."

"Basi linasimama Makambako, watu wanashuka wanajinyoosha. Ndege inasimama wapi, mawinguni?"

Dada akacheka hadi akashika mlango wa gari. Kwa kushika mlango alilazimika kuinama. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Marehemu baba alikuwa anaingia kanisani kwa kuinamisha kichwa, na padre mgeni akadhani ni uchaji. Huko ziwani alikoolewa, Kunigunda wanamwita Mlingoti, na anaitika.


Jumatatu, 7 Juni

Ukungu hadi saa nne. Tumeanza kuchuma. Dada anafikia matawi ya juu bila kuyavuta, mke wangu Hilda anafurahi.


Jumamosi, 12 Juni

Leo nimemweleza dada kilichonipata, kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Nakiandika pia hapa, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na tatu darasani, na kustaafu hakukuniponya.

Mwaka 1996 nilikwenda Kanada kwa njia hiyohiyo, kuwakilisha ukoo kwenye harusi ya Hedwiga. Baba yake alikuwa kitandani mgonjwa na dada hakuweza kumwacha. Nami nilipewa dirisha. Nilivaa suti na viatu vya ngozi, na kikapu cha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kilikuwa miguuni. Kati yangu na njia walilala mume na mke. Ili nitoke ilinipasa kumgusa mke wa mtu begani na kupita juu ya magoti yake. Sikumgusa. Nilikaa saa tisa hadi Ulaya, tukangoja, nikakaa saa kumi nyingine. Wakati wa kurudi, hivyohivyo. Nilipofika nyumbani mguu wangu wa kushoto ulikuwa mnene kama shina la mgomba. Damu ilikuwa imeganda ndani, na kipande kimoja kikapanda mapafuni. Sista Ottilia, muuguzi wa misheni, ndiye anayejua nilivyokaribia kaburi. Daktari amenikataza ndege. Laiti ningekuwa na mguu mzima, ningekwenda na dada na kumsimamisha mwenyewe.

Jambo lenyewe ni rahisi. Moyo unaishusha damu miguuni bila shida. Kuipandisha ni kazi ya shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, ile nyama inajikaza na kuikamua damu iende juu. Usipopiga hatua, damu inasimama. Sisi Wamatengo tunachimba ngolo milimani, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua ili yasibebe udongo, na kwetu maji kusimama ni sifa ya mkulima. Lakini damu si maji ya ngolo. Damu ikisimama inaharibika.

Mtu mfupi kwenye viti vile vya bei ndogo ana shida. Mtu mrefu ana shida mara mbili: kiti ni cha chini mno kwake, paja linaelea, uzito wote unaangukia makalio, magoti yanagusa kiti cha mbele, na wa mbele akilaza kiti chake, goti halina pa kukimbilia. Mzee mrefu ana shida mara tatu, kwa sababu mishipa yake imechoka lakini adabu yake haijachoka.

Na siwasamehe wenye ndege. Wanunuzi wa kahawa siku hizi, tangu soko liwe huria, wanalipiga gunia teke lishuke ili liingie debe jingine. Wenye ndege wanafanya vilevile, ila magunia yao yana magoti.

Dada alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua kahawa mbichi kutoka katika mbivu.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Lakini wewe tangu utoto hujui kuvumilia."


Jumanne, 15 Juni

Mashine ya kumenya kahawa imeharibika. Imetengenezwa. Imeharibika tena.


Jumapili, 20 Juni

Nimegundua jambo baya kuliko dirisha.

Tulikuwa tunakula mchana. Hilda akamwambia dada, "Wifi, hunywi maji tangu juzi. Maji yetu hayakupendezi?"

"Najizoeza safari," dada alijibu.

Nikaweka tonge chini. Nikamwomba aeleze. Akaeleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu.

"Sisi wanawake wa ziwani, ukijua kesho unapanda boti, unaacha maji tangu jioni. Ndani ya boti kuna wanaume, kuna wakwe, pengine na padre yumo. Haja utakwenda wapi? Nimekwenda Lipingo na kurudi na mimba ya miezi minane, sikunywa hata funda. Ndege nayo ni boti tu."

"Ndege ina choo, dada."

"Na wanaume haina?"

"Inao."

"Basi."

Hilda alicheka, nami nikakasirika naye pia. Nilisema, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mezani, kwamba hewa ya ndani ya ndege ni kavu kama ya juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, kwamba asiyekunywa damu yake inakuwa nzito, na nzito ikisimama ndiyo inayoganda upesi. Nilisema anywe kikombe kila saa, tena akienda chooni mara nyingi ndiyo bora, kwa sababu kwenda chooni ni kutembea. Nilisema choo cha ndege ni dawa.

"Mwalimu," Hilda alisema, "watu wanakula."


Alhamisi, 1 Julai

Baridi kali. Umande kwenye migomba karibu ugande. Steven amepita kuchukua magunia, akauliza kama bado nimekasirika. Nimemwambia ndiyo.


Jumapili, 4 Julai

Sista Ottilia amekuja baada ya misa, nimemwita makusudi. Amempima dada shinikizo la damu na kuitazama miguu yake. Mishipa imevimba kidogo, moyo mzuri. Amesema daktari amwone kabla ya safari, na ameahidi kumtafutia soksi ndefu za kubana, zile zinazofika chini ya goti. Ameniunga mkono kuhusu maji, kuhusu kutembea, kuhusu viatu vipana. Dada alijibu "Ndiyo, Sista" kwa kila jambo.

Sista alipoondoka nilimuuliza dada kama ameelewa.

"Nimeelewa. Yeye ni Sista, hana wakwe."


Jumamosi, 10 Julai

Nimechoka kusema, nimeamua kufundisha kwa vitendo. Fundi Sixbert amenitengenezea uani kiti cha ndege. Ni benchi lenye mgongo, na mbele yake ubao mwingine uliosimama, shibiri tatu na nusu kutoka mgongo hadi mgongo, kama nilivyopima kwa kiganja changu mwaka ule nikiwa sina kazi nyingine ya kufanya.

Sixbert alikaa, magoti yakagonga, akatazama huku na huku.

"Mwalimu, hii ni benchi au ni mtego wa ngedere?"

"Watu wanalipa wakae hapo."

"Wanalipwa, unataka kusema."

Nimemwonyesha dada kila kitu. Kitenge kilichokunjwa mara nne akalie, ili makalio yapande na paja lilale. Kingine nyuma ya kiuno. Kingine akizungushe shingoni, kwa sababu pale pa kuegemeza kichwa patamfikia mabegani tu. Mfuko wa mkononi ukae juu, kamwe si miguuni. Ile nafasi chini ya kiti cha mbele ndiyo shamba pekee alilopewa. Akiwa amekaa, anyanyue visigino, ashushe, anyanyue vidole, ashushe. Na kila saa ainuke. Kiti kilicho karibu na mlango wa dharura ni kipana, lakini nimemwambia asikitamani, wanawapa wenye nguvu za kufungua mlango. Aombe cha njiani.

Alikaa. Alifanya visigino mara chache. Akasema kiti hakina ubaya.

"Nitajizoeza," alisema. Nikalala na amani. Mimi ni mjinga.


Jumapili, 18 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mimi na Hilda tulikwenda mazishini Mbinga mjini. Dada alisema magoti yanamuuma kwa baridi, atasali rozari nyumbani. Tulirudi jua likielekea mlimani. Tukamkuta uani, kwenye benchi, amejifunika blanketi, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bibi harusi.

"Karibuni," alisema. "Mmenikuta pale pale mliponiacha."

"Uko hapo tangu lini?" Hilda aliuliza.

"Tangu mlipotoka. Sijainuka. Sijanywa kitu. Wiki nzima nimejizoeza mkiwa shambani, kila siku naongeza saa. Mama mmoja kapita akataka nimsindikize, nikamwambia niko safarini." Akanigeukia. "Haya, Mwalimu. Ulisema sitaweza. Nimeshinda."

Sikumwelewa mara moja. Nilisimama na kofia yangu ya mazishi mkononi. Kisha nikaelewa, na kichwa kikawaka. Nilimjengea benchi ajifunze kuinuka. Yeye alijifunza kutoinuka. Wiki nzima alikuwa akijizoeza kufanya kitu kilekile kilichotaka kuniua, na akaongeza saa kila siku, kwa siri, tukiwa shambani, kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu.

"Umeshinda nini?" nilipiga kelele. "Umemshinda nani? Kiti? Kiti hakichoki, dada! Ni mbao!"

"Mwalimu, unamfokea mkubwa wako," Hilda alisema.

"Na aliyenifundisha kumnyamazia mkubwa anapojiua ni nani?"

"Usinipigie kelele kwangu," dada alisema. Halafu akakumbuka kwamba hapa si kwake, akajaribu kuinuka aondoke. Hakuinuka. Miguu ilikataa. Akashika ubao wa mbele, akajivuta, akarudi chini kwa kishindo, na nikaona uso wake unabadilika, si kwa maumivu, kwa mshangao. Hilda akamshika upande mmoja, nami upande wa pili, tukamtoa pale kama watu wanaotoa ng'ombe shimoni. Tukamkalisha kwenye mkeka miguu ikiwa juu ya gunia la kahawa.

Nikavua soksi zake. Miguu ilikuwa imejaa, ngozi imevutika inameta. Nikabonyeza dole gumba juu ya kifundo. Nilipoliondoa likaacha shimo, na shimo halikujaa. Sote watatu tulilitazama. Lilikuwa kama ngolo ndogo.

"Huu ni mguu wangu?" dada aliuliza.

Hilda alileta maji, dada akanywa kikombe, akanywa cha pili. Nami nilikwenda nyuma ya nyumba na kulipiga teke benchi la Sixbert, kwa mguu mbaya, na sasa unauma.


Jumatatu, 19 Julai

Sista Ottilia amefika. Hakuna damu iliyoganda. Ni maji tu, yatashuka kwa kutembea. Nimemshukuru Mungu.

Jioni dada alisema, "Siendi."

Nilimwambia sikumaanisha asiende. Nilimaanisha aende vizuri.

"Umenionyesha mguu, nimeuona. Mimi si mtu wa kuombaomba kupita. Kama ni lazima kumwamsha mwanaume wa watu kila saa nikapite mbele ya uso wake, siendi. Mwambie Hedwiga mjomba wake amenifundisha vizuri sana."


Jumatano, 21 Julai

Steven amekuja. Hakuamkia. Alisimama mlangoni.

"Mjomba, umemtisha mama. Kwa nini? Hedwiga yuko peke yake kule. Watu mjini wanasema mjomba ameona wivu, daktari amemkataza ndege basi hataki mwingine apande."

"Watu gani?"

"Watu."

"Waambie watu waje wakae kwenye benchi langu."

"Sitaki utani, mjomba."

"Wala mimi sitanii."

Amemchukua mama yake, wameshuka Mbaha. Dada alimuaga Hilda kwa kumkumbatia. Mimi aliniambia, "Kaa salama," bila jina.


Jumapili, 25 Julai

Hakuna jipya. Kahawa nyingi, watu wachache.


Jumapili, 1 Agosti

Hilda hasemi nami ila kuhusu kahawa. Nimekasirika na Steven, na wenye ndege, na fundi Sixbert ambaye amemsimulia kila mtu, na dada yangu aliyeweza kuzaa watoto saba, kuvua na kuzika mume, lakini hawezi kusema "samahani, napita." Nimekasirika zaidi na wale waliomfundisha hivyo, nao wote wamekufa.


Ijumaa, 13 Agosti

Nimepata lifti ya lori nikashuka ziwani. Huku chini kuna joto, mwili unasahau Kitura mara moja. Dada alinipokea kwa heshima zote, jambo ambalo ni baya. Dada asiponitania najua bado amekasirika.


Jumapili, 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria

Leo kuna jambo limetokea, na sikulifanya mimi.

Baada ya misa dada alitaka kumpelekea mgonjwa mmoja unga, kijiji cha pili kando ya ziwa, akaniambia twende wote kwa mtumbwi. Kijana wa jirani alipiga kasia. Mimi nilikalishwa katikati kama mgeni. Magoti yalinifika kidevuni. Mtumbwi ulikuwa na ufa mdogo na maji yalikuwa yanaingia, polepole, kama kawaida ya mitumbwi mizee. Miguuni pangu palikuwa na kopo. Sikuligusa. Nilidhani kumwaga maji ni kazi ya wenyeji.

Tulipofika mbali kidogo na ufuko dada aligeuka.

"Wewe! Chota maji!"

"Si machache?"

"Machache ndiyo yanayozamisha. Mengi yanaonekana, watu wanaruka. Chota, mwaga. Ukishamwaga, pumzika. Yakiingia, chota tena. Umekaa kama sanamu ya mtakatifu, unataka tuzame kwa adabu zako?"

Kijana alicheka hadi kasia likakosa maji. Nikachukua kopo, nikaanza kuchota na kumwaga. Sikusema neno. Nakiri ilinigharimu. Nilikuwa na somo zima mdomoni, likiwa limejipanga tayari.

Dada alinitazama nikichota. Kisha akatazama miguu yake. Kisha akanitazama tena, na safari hii alitazama muda mrefu.

"Ignatio," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai anitaje jina. "Lile shimo la dole gumba. Ni maji yalikuwa yameingia."

"Ndiyo."

"Na visigino kupanda kushuka, ni kopo."

"Ni kopo."

"Na kuinuka kutembea?"

"Ni kopo kubwa."

Wakati wa kushuka alinishika mkono nisianguke, akasema, "Kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo? Unanieleza habari za shavu la mguu, shavu la mguu! Mimi nimekaa mtumbwini miaka hamsini."


Jumatatu, 16 Agosti

Ameweka masharti, na ni masharti mazuri kuliko mafundisho yangu. Atakwenda. Atanywa. Lakini hatapita juu ya magoti ya mwanaume yeyote, wala hatamwamsha mtu.

"Basi unataka kiti gani?" nilimuuliza.

"Cha njiani. Mwenye kukaa njiani haombi ruhusa. Anainuka tu. Ila upande wangu wa ndani akae mwanamke, wanaume wakipita nitainuka niwapishe, sitaki kukwaruzwa."

Nimemsikia akinipa, kama wazo lake, kitu nilichokipigania tangu Juni. Nimemwambia ni wazo zuri.


Jumamosi, 21 Agosti

Nimerudi Kitura, nikamwita Steven. Alikuja ana haraka, magari ya kahawa yanamngoja. Nikamwambia akae kwenye benchi kwanza.

"Mjomba, nina kazi."

"Kaa. Ukisikia umechoka, niambie."

Steven ni mrefu kuliko mimi. Aliingiza miguu kwa ubavu, magoti yakabanwa na ubao. Nikaenda ndani nikanywa chai. Niliporudi alikuwa ameegemea upande, mguu mmoja nje.

"Usitoe mguu. Hapo kuna mke wa mtu amelala."

Akaurudisha. Akakaa. Nikamwona anajikaza, anajaribu kustahimili, kama mama yake. Halafu akainama akaweka paji la uso kwenye ubao wa mbele.

"Mama yangu saa kumi hapa?"

"Saa tisa. Halafu kumi."

"Na mimi nimemwekea viatu vya ngozi," alisema chini chini. Hapo hasira yangu juu ya kijana huyu ikapungua, kwa sababu niliona kwamba hakuwa na kiburi. Alitaka mama yake apate kilicho bora, na hakuna aliyewahi kumwambia kilicho bora kikoje.

Ameondoka akiwa anachechemea. Alikwenda moja kwa moja posta kupiga simu Dar. Yule wa tiketi alimwambia kiti cha njiani hakina tofauti, kwa nini anasumbua. Steven akamwambia, "Kama hakina tofauti, nipe." Nimempenda kwa neno hilo.


Jumatatu, 30 Agosti

Steven amempandisha dada kutoka Mbaha, na daktari amemwona. Amemruhusu. Soksi za kubana zimepatikana. Dada anasema zinamfanya aonekane mchezaji wa mpira.


Jumapili, 5 Septemba

Steven ameleta raba pana, namba moja zaidi ya mguu wa mama yake, za kufunga kwa kamba ili zilegezwe. Ameleta vilevile kikapu cha zawadi na kukifunga mwenyewe ndani ya mzigo mkubwa utakaokwenda chini ya ndege. Sikumwambia.


Jumanne, 14 Septemba

Dada ameondoka asubuhi na basi. Kwenye basi Steven alimpa siti ya dirishani, na dada akaikataa mbele ya abiria wote, akakaa ya njiani, akanyoosha mguu mmoja. "Naanza kuzoea," alisema. Alikuwa na chupa ya maji mkononi. Nilimwona akinywa kabla basi halijaondoka, akinitazama, kama mtoto anayekunywa dawa ili wamwache.

Benchi limebaki uani. Kuku wanalala juu yake.


Ijumaa, 17 Septemba

Hakuna simu.


Jumamosi, 18 Septemba

Hakuna simu. Nimemuuma kila mtu kwa maneno. Hilda amenituma shambani kuchuma kahawa za mwisho mwisho ambazo hata ndege hawazitaki.


Jumatatu, 20 Septemba

Leo saa tatu asubuhi padre alituma mtu: Hedwiga atapiga kwenye simu ya parokia. Mimi na Steven tulikimbia, kwa kadiri mguu wangu unavyokimbia.

"Ignatio!" Dada anapiga kelele kwenye simu, anadhani umbali unahitaji kelele. "Nimefika! Miguu ni ileile niliyotoka nayo!"

"Umekaa wapi?"

"Njiani! Lakini sikiliza. Ndege ya kwanza, sawa. Tulipobadilisha kule Ulaya, wananipa dirisha. Nimeonyesha karatasi yangu, hapana, dirisha. Wamekiuza kiti changu. Dada mhudumu mmoja anatabasamu, ananishika mkono, anataka kuniingiza kule ndani kama mbuzi."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Palepale njiani. Sijui Kiingereza, nikasema 'no.' Watu nyuma yangu wamejaa na mabegi, mimi mlingoti katikati. Wakasema, nikasema 'no.' Wakaita mkubwa wao, mfupi, ananitazama juu kama mtu anayetazama mnara wa kanisa. 'No.' Mwisho kijana mmoja kainuka mwenyewe, akanipa chake. Nimekaa. Kila saa nimeinuka. Nimekwenda chooni mara nyingi, wanaume wote wananijua. Ignatio, nilichota maji hadi nikafika!"

Tulicheka hadi padre akachungulia. Mtoto bado hajazaliwa. Hedwiga alichukua simu akasema, "Asante mjomba," akalia, na safari hii simu haikukatika.

Tulipotoka nje hasira ilinirudia kabla hatujafika barabarani. Mwanamke wa miaka sabini na nne alipaswa kusimamisha ndege nzima ili apate kitu alichokwisha kupewa. Na tiketi yake ni ya kwenda na kurudi. Mwisho wa Januari ataingia tena mle, akiwa amechoka kwa kulea, na hakuna anayejua wamemwandikia kiti gani cha kurudia. Hata sisi hatujauliza.

"Nitapiga simu Dar wiki hii, mjomba," Steven alisema. "Januari bado mbali."

Nilimshika begani, pale barabarani, watu wakipita na kahawa zao.

"Posta iko wazi," nilimwambia. "Nenda sasa hivi ukamwulizie mama yako kiti cha kurudia, na kama si cha njiani, kibadilishe leo."